“Labour” ao “labor”? Kiolezo cha kompyuta kinavyoamua Kiingereza cha barua zinazotoka Goma

Maombi ya kazi, miradi ya mashirika na muhtasari wa kazi za masomo vinaandikwa kila siku kwa Kiingereza mjini Goma. Kompyuta nyingi zinafuata Kiingereza cha Marekani bila mwenyewe kujua, hata pale anayengojea karatasi anatumia cha Uingereza. Kurekebisha neno kwa neno hakusaidii sana. Dawa iko ndani ya kiolezo.

GOMA, Kivu ya Kaskazini. – Kuzunguka vyuo vikuu vya mji, UNIGOM na ULPGL vikiwa kati yao, na kandokando ya barabara za Katindo, Himbi na Birere, nyumba ndogo za sekretaria hazikosekani: kompyuta mbili ao tatu, mashine moja ya kuchapisha, bei zimebandikwa mlangoni. Hapo ndipo mwanafunzi analeta kazi yake ya mwisho wa masomo, kijana analeta CV, na kiongozi wa shirika dogo analeta mradi anaotaka kutuma kwa wafadhili kabla saa ya mwisho haijapita.

Zamani karibu kila karatasi iliyotoka katika nyumba hizo ilikuwa ya Kifaransa, lugha rasmi ya nchi. Leo Kiingereza kimeongezeka, na sababu zinajulikana. Mashirika ya kiutu ya kimataifa yamejaa mjini tangu wimbi la wakimbizi wa Rwanda la mwaka 1994. Aprili 8, 2022, Kongo ilitia sahihi jijini Nairobi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiingereza ni lugha rasmi. Ng’ambo ya mpaka, Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza mahali pa Kifaransa. Na mfanyabiashara wa Goma anayeagiza mali Kampala, Nairobi ao Dubai, barua zake nyingi ni za Kiingereza.

Shida ni kwamba Kiingereza si kimoja. Anayeandika “labour”, “centre”, “colour” na “programme” anafuata Uingereza. Anayeandika “labor”, “center”, “color” na “program” anafuata Marekani. Wote wawili hawana kosa. Kosa linaanza pale karatasi moja inapochanganya njia hizo mbili, ao inapofuata njia moja wakati aliyeiomba ametaja nyingine.

Tofauti hizo zina umri mrefu. Waingereza wengi waliegemea kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755. Wamarekani walimfuata Noah Webster, aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1828 na kupunguza herufi alizoona hazina kazi, kama ile “u” ya “colour”. Ukoloni ulileta tahajia ya Uingereza Kenya, Uganda na Tanzania, na nchi hizo zinaitumia mpaka leo. Kwa hiyo, mkaaji wa Goma akiandikia jirani yeyote wa mashariki, kwa kawaida tahajia inayongojewa ni ya Uingereza.

Lakini mashine iliyo mbele yake mara nyingi inajua nyingine.

Mstari mwekundu unatoka wapi

Watu wengi wanafikiri kwamba programu ya kuandikia, kama vile Word ya kampuni ya Microsoft ao LibreOffice inayotolewa bure, inatambua yenyewe lugha inayoandikwa. Ukweli ni kwamba kila kipande cha maandishi kinabeba alama ya lugha isiyoonekana kwa macho. Alama hiyo ikisema “Kifaransa”, mashine inakagua kwa kamusi ya Kifaransa. Ikisema “Kiingereza cha Marekani”, neno “labour” linapigiwa mstari mwekundu hata kama limeandikwa vizuri kabisa.

Kila lugha na nchi ina kifupi chake. Kiingereza cha Marekani ni en-US, cha Uingereza ni en-GB. Orodha ya Word ni ndefu kuliko wengi wanavyofikiri: kuna Kiingereza cha Afrika ya Kusini, cha Zimbabwe, cha India, cha Jamaika na vingine. Faili ya Word ya kisasa ikifunguliwa kwa ndani, vifupi hivyo vinaonekana vimeandikwa kando ya maneno, aya kwa aya, wakati mwingine neno kwa neno. Ndiyo sababu karatasi moja inaweza kuwa na ukurasa wa kwanza wa Uingereza na wa pili wa Marekani, bila dalili yoyote kwa aliyeandika.

Alama ya kwanza inatoka kwenye kiolezo, kile ambacho Word ya Kifaransa inaita « modèle ». Kiolezo ni karatasi mama. Kinashika ukubwa wa ukurasa, aina ya herufi, nafasi za pembeni, kichwa chenye nembo ya shirika, na pia lugha. Kila barua mpya inazaliwa kutoka kwake na kurithi vyote. Katika Word, kiolezo cha kawaida kinaitwa Normal.dotm, na ndicho kinachofunguka mtu anapoomba ukurasa mweupe. Kompyuta iliyotayarishwa kwa mipangilio ya Marekani inakuja na Normal.dotm inayosema en-US. Isipobadilishwa siku ya kwanza, itasema hivyo miaka yote.

Mfadhili anaondoka, kiolezo kinabaki

Kwa mashirika ya Goma jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2025. Mji uliingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari mwaka huo, benki na uwanja wa ndege vikafungwa. Katika mwezi uleule serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1, 2025 shirika la USAID lilifungwa rasmi. Vijana waliokuwa wakilipwa na miradi hiyo walijikuta wanatafuta kazi, na mashirika yaliyokuwa yakiitegemea yakaanza kubisha milango mingine.

Milango hiyo mingine haiandiki kama Marekani. Tume ya Umoja wa Ulaya, katika mwongozo wake wa uandishi wa Kiingereza, inafuata tahajia ya Uingereza. Serikali ya Uingereza ni hivyo hivyo. Umoja wa Mataifa nao unafuata tahajia ya Uingereza, kwa mtindo wa Oxford utakaoelezwa hapa chini.

Lakini ripoti na bajeti za zamani zilitengenezwa kwa violezo vya mfadhili wa Marekani, na faili hizo bado ziko katika kompyuta. Katibu anafungua ripoti ya mwaka juzi, anafuta maneno, anaandika mapya, anabadilisha nembo. Anafikiri ameanza upya. Alama ya en-US imebaki chini ya kila aya, na mashine inaendelea kumwambia kwamba “programme” ina kasoro. Naye, akiamini mashine kuliko macho yake, anabofya “sahihisha”.

Herufi moja peke yake haimnyimi mtu kazi ao mradi. Ila anayechagua kati ya maombi mengi anatafuta dalili za uangalifu, na karatasi inayoandika “center” katika kichwa na “centre” katika aya inamwonyesha kwamba hakuna aliyeisoma mara ya mwisho. Kwa shirika dogo lisilo na jina kubwa, karatasi ndiyo sura yake ya kwanza.

Majina ya watu hayaguswi

Hatari kubwa zaidi ya mstari mwekundu ni majina ya mashirika. Jina ni jina: linaandikwa namna mwenyewe anavyoliandika, hata kama karatasi nzima inafuata tahajia nyingine.

Shirika la Kazi Duniani ni “International Labour Organization”: “Labour” yenye “u” ya Uingereza, na “Organization” yenye “z” ambayo wengi wanadhani ni ya Marekani tu. Shirika la Chakula Duniani, linalojulikana Goma kwa kifupi cha PAM, kwa Kiingereza ni “World Food Programme”. Kwa upande wa afya, kituo cha Umoja wa Afrika ni “Africa Centres for Disease Control and Prevention”, na kile cha Marekani ni “Centers for Disease Control and Prevention”. Mashirika yote mawili yanaitwa CDC, na yote mawili yanatajwa mara kwa mara katika ripoti za Ebola na mpox za mashariki mwa Kongo. Anayebofya “badilisha yote” katika karatasi kama hiyo anaharibu jina la mmoja wao.

Mtindo wa Oxford unaotumiwa na Umoja wa Mataifa una mtego wake. Unaandika “organize”, “organization” na “recognize” kwa “z”, lakini “labour”, “centre” na “programme” kama Uingereza, na “analyse” kwa “s”. Word iliyowekwa kwenye Kiingereza cha Uingereza inakubali “organise” na “organize” pia, kwa hiyo haitamwamsha mwandishi akichanganya. Hapo kompyuta inafika mwisho wa uwezo wake, na kazi inabaki kwa jicho la mtu.

Kurekebisha katika Word

Anayetaka kubadilisha lugha ya karatasi iliyokwisha andikwa anachagua maandishi yote kwa Ctrl+A. Kisha anafungua « Révision », « Langue », « Définir la langue de vérification », na katika orodha anachagua « Anglais (Royaume-Uni) ». Katika dirisha hilohilo kuna vijisanduku viwili vya kutazama. Cha kwanza, « Ne pas vérifier l’orthographe ou la grammaire », kikiwa na alama, mashine haikagui kitu, na karatasi yenye makosa mengi inaonekana safi. Cha pili, « Détecter automatiquement la langue », kinairuhusu Word kubahatisha lugha. Katika karatasi inayochanganya Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza, inafaa kukizima.

Ctrl+A haifiki kila pahali. Kichwa cha ukurasa, mguu wa ukurasa, maelezo ya chini na visanduku vya maandishi vinabaki na lugha yao ya zamani. Lazima kuingia humo kimoja kimoja.

Chini ya dirisha lile kuna kitufe « Définir par défaut ». Kinaandika chaguo hilo katika Normal.dotm, na kurasa nyeupe zote za kesho zitalifuata. Lakini kitufe hicho kina mipaka miwili ambayo wengi hawaijui. Hakigusi karatasi zilizokwisha hifadhiwa, na hakigusi violezo vingine, kama kile cha barua yenye nembo ya shirika ao kile kilichotumwa na mfadhili. Kila kiolezo kinabeba lugha yake mwenyewe.

Kwa hiyo inabidi kufungua kiolezo chenyewe. Kubofya mara mbili juu ya faili ya .dotx hakukifungui: kunazaa karatasi mpya kutoka kwake, na marekebisho yote yanaishia katika mtoto, mama anabaki vilevile. Njia sahihi ni kupitia « Fichier », « Ouvrir », ao kubofya kitufe cha kuume na kuchagua « Ouvrir ». Ndani ya kiolezo, mwandishi anakwenda katika « Accueil », anabofya kwa kitufe cha kuume mtindo unaoitwa « Normal », anachagua « Modifier », kisha « Format », kisha « Langue », na kuweka Kiingereza anachokitaka. Mitindo mingine mingi inarithi kutoka kwa Normal. Ile isiyorithi inarekebishwa kwa njia hiyohiyo. Mwishoni anahifadhi, na kazi hiyo hairudiwi tena.

Njia hii ya mitindo inawafaa hasa wanafunzi. Kazi ya mwisho wa masomo inaandikwa kwa Kifaransa, lakini mara nyingi inaombwa kuwa na muhtasari mfupi wa Kiingereza. Inatosha kutengeneza mtindo mmoja wa pekee kwa muhtasari huo, kuupa lugha ya en-GB, na kuacha Normal katika Kifaransa. Kuanzia hapo, kila sehemu inakaguliwa kwa kamusi yake, na kurasa za Kiingereza hazijai mistari myekundu ya Kifaransa.

Mkosaji mwingine: klaviye

Kuna wanaofanya yote hayo, na kesho yake Kiingereza cha Marekani kinarudi. Mara nyingi mkosaji ni klaviye.

Kompyuta zinazoingia Goma kutoka Ufaransa ao Ubelgiji zina klaviye ya AZERTY. Zile zinazotoka Dubai, Kampala ao Nairobi zina QWERTY, na Windows yake mara nyingi imepangwa kwa klaviye ya Marekani. Word inasikiliza klaviye: inachukua lugha iliyofungamanishwa nayo na kuibandika kwenye maneno yanayoandikwa. Kiolezo kinasema Uingereza, vidole vinasema Marekani, na vidole vinashinda.

Dawa iko katika mipangilio ya Windows, sehemu ya « Heure et langue ». Mtumiaji anaongeza lugha ya « Anglais (Royaume-Uni) » na, ndani yake, anachagua klaviye ya Marekani kama vitufe vyake ndivyo vilivyo. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja: lugha ya Uingereza kwa ajili ya tahajia, na mpangilio wa vitufe vya Marekani kwa ajili ya vidole. Akichagua klaviye ya Uingereza bila kuwa nayo mezani, atashangaa kuona alama ya @ imebadilishana pahali na alama ya kunukuu. Kisha anaondoa lugha ya Marekani, ili isirudi kwa kubofya bila kutaka.

Wanaotumia LibreOffice wana njia fupi kidogo. Katika « Outils », « Options », kuna ukurasa wa lugha wenye chaguo la lugha ya kawaida ya karatasi, na kijisanduku kinachoweza kuifanya ihusu karatasi iliyo wazi tu. Asiyekiona anabadilisha lugha ya karatasi moja akifikiri amebadilisha ya mashine nzima, ao kinyume chake. Kwa kiolezo, lugha inawekwa katika mtindo wa aya wa kawaida, kisha faili inahifadhiwa kwa « Fichier », « Modèles », « Enregistrer comme modèle », na kuwekwa alama ya kuwa kiolezo cha kawaida.

Tarehe, pesa na karatasi

Tahajia ndiyo inayoonekana, lakini mipangilio ya nchi inaficha mambo yenye madhara zaidi.

La kwanza ni tarehe. Mwito wa mradi unaosema maombi yapokelewe kabla ya 03/04/2025 unamaanisha Aprili 3 kwa Mfaransa, kwa Mwingereza na kwa Mkongomani. Kwa Mmarekani ni Machi 4. Kati ya siku hizo mbili kuna mwezi mzima. Word inapoweka tarehe yenyewe inafuata lugha iliyochaguliwa, kwa hiyo barua ya en-US itaweka mwezi mbele. Njia isiyodanganya mtu ni kuandika mwezi kwa maneno, “3 April 2025”. Pia kuna kijisanduku « Mettre à jour automatiquement »: kikiwa na alama, tarehe inabadilika kila karatasi inapofunguliwa upya. Mkataba uliotiwa sahihi Machi unaweza kuchapishwa tena Juni ukiwa na tarehe ya Juni.

La pili ni hesabu. Wengi wa Goma wanaandika 1.500 $ wakimaanisha elfu moja na mia tano. Kwa msomaji wa Kiingereza, nukta inatenga sehemu ndogo za dola, na 1.500 ni dola moja na nusu. Yeye anaandika 1,500, ambayo kwa Kifaransa inasomwa moja na nusu. Katika jedwali la Excel mambo yanazidi, sababu alama hizo zinafuata mipangilio ya nchi iliyo katika Windows: tarakimu iliyoandikwa kwa alama isiyotambuliwa inaweza kuhesabiwa kama neno, na jumla ya chini ikatoka pungufu bila onyo. Hakuna mstari mwekundu kwa kosa la namna hiyo.

Vilevile kuna maneno ambayo mkaguzi hawezi kuyaona, kwa kuwa yameandikwa sawa lakini maana imehama. “Billion” ya Kiingereza ni milioni elfu moja, yaani « milliard » ya Kifaransa. « Billion » ya Kifaransa ni kubwa mara elfu moja kuliko hiyo. Katika bajeti ya franka za Kongo, ambako miliadi hazikosekani, tofauti hiyo inatosha kuchekesha ao kuliza. “Ton” ya Marekani ni kilo 907, wakati “tonne” ni kilo 1.000 kamili, na anayeandika kiasi cha unga cha kugawia wahamaji lazima ajue anasema ipi. “First floor” ya mkataba wa nyumba ni ghorofa ya kwanza kwa Uingereza, lakini kwa Marekani ni chini kabisa, usawa wa barabara. Na “gas” ya jenereta, kwa Mmarekani, ni mafuta ya petroli. Kwa jirani wa Kampala inaweza kueleweka kuwa gesi ya chupa.

La tatu ni karatasi yenyewe. Kiolezo cha Marekani kinakuja na ukubwa unaoitwa Letter, milimita 216 kwa 279. Goma, kama sehemu kubwa ya dunia, inatumia A4, milimita 210 kwa 297. Mashine ya kuchapisha inapokea amri ya Letter, inatafuta karatasi hiyo, haiipati, inasimama na kungojea. Mashine za zamani za HP zilionyesha maneno “PC LOAD LETTER”, na wengi waliita fundi wakidhani zimeharibika. Hakukuwa na kitu kilichoharibika. Kiolezo kilikuwa kimeomba karatasi isiyouzwa mjini.

Pahali pa Kiswahili cha Kongo

Anayepitia orodha hizo za lugha anakuta jambo lingine la kumfikirisha. Katika orodha ya Microsoft, Kifaransa cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kina kifupi chake, fr-CD, na namba yake, 9228. Kiswahili kiliingizwa humo kwa jina la Kenya, sw-KE, namba 1089. Katika LibreOffice, kamusi ya kukagua Kiswahili imesajiliwa kwa jina la Tanzania. Mwandishi wa Goma anayeandika tangazo la mtaa kwa Kiswahili anakaguliwa kama Mkenya ao Mtanzania, na maneno anayoyasikia kila siku sokoni Virunga yanaweza kupigiwa mstari mwekundu.

Kiswahili cha Kongo hakikusahauliwa kabisa. Katika orodha ya kimataifa ya lugha kina kifupi chake, swc, kando ya swh cha Kiswahili cha pwani. Na hazina kubwa ya data za lugha inayotumiwa na watengenezaji wa simu na kompyuta, CLDR, inatambua sw-CD, ikiwa na namna yake ya kuandika tarehe na pesa. Jina lipo. Kinachokosekana ni kamusi ya kukagua itakayojengwa juu ya jina hilo, kazi inayohitaji wajuzi wa lugha na wajuzi wa kompyuta wakae meza moja. Vyuo vikuu vya mji vina wote wawili. Kwa sasa, anayeandika Kiswahili anaweza kuongeza maneno yake katika kamusi binafsi ya programu, ili mashine iache kuyashitaki.

Violezo vitatu kwa kila sekretaria

Kwa nyumba ya sekretaria inayopokea wateja mchanganyiko, kubadilisha Normal.dotm kila saa hakufai. Mteja wa asubuhi anataka Kifaransa, wa saa sita anataka Kiingereza cha Uingereza, wa jioni anaandikia chuo cha Marekani, na kila mmoja anamwachia anayefuata mipangilio yake. Ni vizuri zaidi kutengeneza violezo vitatu na kuvipa majina yanayosomeka: kimoja cha Kifaransa, kimoja cha en-GB, kimoja cha en-US. Vyote vitatu viwe vya A4, ila kama mteja anaomba Letter. Vihifadhiwe katika folda moja isiyoweza kuandikwa juu yake, na nakala iwekwe kwenye flashi, kwa siku ambayo kompyuta itakufa pamoja na umeme.

Kwa shirika, swali la kwanza kabla ya kuandika ni moja: nani atasoma? Miito mingi ya miradi inasema wazi lugha na namna ya kuandika tarehe na pesa. Isiposema, inatosha kusoma kurasa mbili za mwito wenyewe. Ukiandika “programme” na “centre”, jibu ni en-GB. Ukiandika “program” na “center”, jibu ni en-US. Shirika linaandika kama anayelisoma, kutoka kichwa hadi mguu wa ukurasa wa mwisho.

Kazi yote hiyo inachukua dakika chache kwa kila kiolezo. Haiombi intaneti, haiombi programu mpya, na inaweza kufanywa saa ambayo umeme upo na mteja hayupo. Baada ya hapo mstari mwekundu unarudi kwenye kazi yake ya kweli, kuonyesha makosa, na katibu anaweza tena kuuamini.